Bonde la Kinoo cha Babu

Sydenham, Durban
Jumatano, 11 Machi 1998
Asubuhi: mawingu mazito, upepo hakuna, joto la kunata.

Mume wangu mzee, Babu Aloys,

Shikamoo. Najua mke hamwamkii mumewe hivyo, lakini nazihurumia mvi zako. Mimi sijambo. Msalimie mke mwenzangu, Bibi, umwambie kitenge alichoagiza nimekipata na atakipata siku akiacha kuwaambia watu kwamba nimenenepa. Nani alimpa habari hizo? Bado nakaa chumba kimoja na Laetitia, yule Mkongomani wa Bukavu anayesuka nywele saluni. Anawasalimu wote, na anauliza kama ni kweli kwetu babu anaruhusiwa kumwita mjukuu mke wake. Nimemwambia ni utani wa kwetu tangu zamani, na kwamba mahari hujalipa.

Sasa jambo lenyewe. Unajua nilikwambia nafanya kazi dukani. Sikukwambia kazi gani. Napiga deki. Duka ni la Bwana Pillay, Mhindi wa hapahapa, liko Overport, anauza nyuzi na ndoano za kuvulia samaki na pinde za kuwindia. Mwezi wa kwanza alinikuta jikoni kwake nanoa kisu cha chambo kwenye kitako cha kikombe, kama ulivyonifundisha. Akachukua kisu, akanyoa vinyweleo vya mkono wake mwenyewe, akaniangalia kama mtu aliyekuta mbuzi anasoma gazeti. Kesho yake akafungua droo akanionyesha kitu.

Ni kichwa cha mshale. Kikubwa kama dole gumba lako, chuma kitupu, kina mabapa matatu yaliyoachana sawasawa. Ukikitazama kwa mbele ni kama mafiga matatu yanayosubiri sufuria. Nyuma kina mizungusho kama ya skrubu, kinafungwa kwenye mshale. Wazungu wa huku, majira ya baridi, wanakwenda mashamba ya Zululand kuwinda swala kwa pinde za kisasa zenye vigurudumu nchani. Kichwa kikiwa butu mnyama anakimbia na maumivu siku nzima, kwa hiyo lazima kikate kama wembe. Kunoa hawawezi. Wanajikata vidole wanatukana kwa Kiafrikana.

Bwana Pillay amesema hivi: nikiweza kunoa vichwa thelathini na sita kabla ya tarehe 30 Mei, msimu haujapamba moto, nitapewa meza yangu nyuma ya duka, na taa, na deki atashika mwingine. Nikishindwa, vinakwenda kwa fundi wa Johannesburg na mimi narudi kwenye ndoo. Amenipa vitatu vya kujifunzia.

Nisaidie. Kisu unakilaza, unanyanyua mgongo kiasi cha sarafu mbili. Hiki hakina mgongo. Ukilaza bapa moja, la jirani linakuzuia. Nifanyeje?

Jiwe la kunolea ninalo. Usiulize sana.

Mke wako,
Blandina

Alhamisi asubuhi, kabla ya kufunga bahasha: jana nililala saa saba usiku kasoro dakika kumi. Hilo naliandika kila siku kwenye daftari langu, na wewe nakuandikia ujue nateseka.


Kibosho
2 Aprili 1998

Mke wangu mdogo,

Barua yako imekuja ikiwa imelowa, mvua za mwaka huu zimeng'oa hata daraja, posta wanashinda wanapita kwa miguu. Mke mwenzako anasema kunenepa si tusi, na kitenge anakitaka. Ng'ombe amezaa dume. Mimi mzima kabisa, nina nguvu za kuoa tena.

Kwa hiyo unapiga deki. Nilimwambia kila mtu hapa kwamba wewe ni karani. Sitasahihisha.

Umenikumbusha msiba wangu. Unajua kwamba kinoo changu, kile ulichokikuta hapa tangu unazaliwa, kiliibwa wiki ileile uliyoondoka, Novemba ya mwaka juzi. Mpaka leo hakijaonekana. Mtu wa mwisho kukiazima alikuwa Dominiki, mwalimu wa kwaya, jirani yangu tangu ujana. Anasema alikirudisha Jumamosi jioni akakiweka pale pale, chini ya dirisha. Mimi sijamtaja mtu. Nimesema tu, mara kadhaa, kwa sauti, baada ya misa, kwamba aliyeazima mwisho anajijua. Watu wa hapa wana huruma sana. Tangu Januari nimeletewa vibuyu vya mbege vya kunifariji mara nne. Kina mama wamekuja kunipa pole kana kwamba nimefiwa. Dominiki haji tena. Shauri yake.

Bila jiwe sinoi. Wateja wanakuja na mapanga yao nawaambia, kalileteni jiwe langu kwanza. Wanaondoka na mapanga butu na huzuni.

Kuhusu hivyo vitu vya wazungu: noa bapa moja moja. Sarafu mbili ni sarafu mbili, iwe kisu, iwe panga, iwe mshale. Bapa la jirani likikuzuia, libembeleze. Na waambie hao wawindaji mwanamume asiyeweza kunoa mshale wake arushe mawe.

Begi ulilosafiri nalo lilifika salama? Sikuwahi kukuuliza. Nakumbuka nililibeba mwenyewe mpaka barabarani, likanivunja bega. Ulisema ni vitabu.

Mumeo,
Aloys


Sydenham
Jumapili, 26 Aprili 1998
Asubuhi: jua, upepo mwembamba kutoka baharini, nguo zimekauka kwa saa mbili.

Mume wangu,

Shikamoo na pole na mvua. Hongera kwa ndama. Mke mwenzangu mwambie kitenge kina ndege wa kijani. Laetitia ameugua mafua akapona, na kwa siku tatu aliugulia kwa Kifaransa.

Barua yako nimeipata juzi, na nashukuru kwamba ilichelewa, kwa sababu ushauri wako nilikwishaujaribu kabla hujaniandikia. Nilinyanyua sarafu mbili nikaharibu kichwa cha kwanza kabisa. Bwana Pillay alicheka mpaka akakaa chini. Akanionyesha. Babu, hakuna kunyanyua chochote! Mabapa matatu yakikaa hivyo, mawili unayalaza juu ya jiwe kwa pamoja na la tatu linasimama juu kama upanga wa jogoo. Unakifunga kichwa kwenye kipande cha mshale uliovunjika ili kiwe na mpini, unasukuma mbele. Mara kumi, unageuza. Mara kumi, unageuza. Mara kumi. Kila bapa linaguswa pande zote mbili. Pembe imo ndani ya chuma chenyewe. Mtoto wa chekechea anaweza.

Ila mimi sikuweza. Nilisukuma wiki mbili. Nimejikata vidole vitano, nimeviandika kwa tarehe. Laetitia aliamka usiku mmoja akasema, "Weye Blandina, miye niko nalala, weye uko nakwaruza! Ni panya gani hii iko na diploma?" Nikampelekea Bwana Pillay vile viwili vilivyobaki. Akashika karatasi ya gazeti kwa vidole viwili akapitisha kichwa. Kikararua. Hakikukata, kilirarua, habari za michezo zikaanguka chini vipande vipande. Akasema, "Eish, Blandina. Tarehe thelathini."

Nikarudi nyumbani nikafanya kitu cha akili. Nilipaka makali yote wino mweusi wa kalamu nene, nikasukuma mara tano tu, nikatazama. Wino ulifutika kwenye ncha na ulifutika nyuma. Katikati ulibaki mweusi kama nilivyoupaka. Ina maana bapa katikati haligusi jiwe hata kidogo. Nikaweka rula juu ya jiwe, nikainua kwenye dirisha. Mwanga ukapita chini yake.

Jiwe hili lina bonde. Mtu aliyelitumia zamani alilichimba kwa mapanga, miaka mingi. Nimepima: katikati kina chake ni njiti mbili za kiberiti, na upande mmoja bonde limezidi kidogo, kama mahali dole gumba lilipokuwa linaegemea.

Swali: jiwe la namna hiyo linaweza kusawazishwa? Nauliza tu. Nililipata kwa mtu hapa.

Mdogo wangu Irene ameniandikia kwamba wanakwaya wanataka kumnyang'anya Mzee Dominiki kitabu cha nyimbo. Ni kweli? Babu, unajua kwamba vitu huwa vinapotea tu. Au aliyekichukua alikihitaji, hakuwa na roho mbaya. Sijui. Mimi ningekuwa wewe ningenyamaza baada ya misa.

Blandina

Jumatatu asubuhi: nililala saa nane na dakika ishirini. Bwana Pillay amenipa vichwa vipya thelathini na sita kwenye kisanduku. Viko chini ya kitanda. Nasikia vinanicheka.


Kibosho
18 Mei 1998

Mke wangu,

Barua hii anaiandika Irene. Mkono wangu una baridi ya mvua. Irene ni mwalimu wa shule, kwa hiyo ukiona kosa ni lake.

(Ni mimi, Irene. Makosa ni yake. Hujambo dada?)

Nimesoma barua yako. Nimesomewa. Mke mwenzako alicheka mpaka akamwaga maziwa pale kwenye panya mwenye diploma. Huyo Mkongomani mlete, nimwoe na yeye.

Sasa sikiliza, na usijifanye hukupata barua. USILISAWAZISHE HILO JIWE. Irene, andika kwa herufi kubwa. Jiwe lenye bonde ndilo jiwe lililokamilika. Jipya ni tofali tu. Mtu amelikalia miaka arobaini, panga limezoeana na bonde kama matako na kigoda, halafu unataka kuja wewe na rula! Rula! Siri yote ya makali ya Kibosho iko kwenye bonde, kila mtu hapa amenisikia nikisema hivyo tangu Nyerere hajaota mvi. Huyo mtu aliyelichimba, huko kwenu Durban, alikuwa fundi mkubwa, na nadhani alikuwa na sura nzuri pia. Liheshimu bonde lake.

Kama vichwa vyako vya mishale havielewani na bonde, kosa ni la vichwa. Watengeneze vilivyopinda.

Kuhusu Dominiki: wanakwaya wamemwambia apumzike. Halmashauri ya parokia itaamua Jumapili ya tarehe 9 Agosti kama anavuliwa ualimu wa kwaya moja kwa moja. Ametumikia miaka thelathini na moja. Mimi sikuwaambia wafanye hivyo. Mimi ni mtu niliyeibiwa.

(Dada, kina mama wanaficha vyombo Mzee Dominiki akipita. Juzi alikuja mpaka getini kwetu akasimama, halafu akarudi. Babu alikuwa anamwangalia dirishani. Amesema nisiandike hili. Irene.)

Mbege ya kufarijiwa imepungua. Watu wana mioyo mifupi.

Mumeo,
Aloys, kwa mkono wa mtu mkaidi


Sydenham
Jumamosi, 6 Juni 1998
Asubuhi: baridi, anga safi, pumzi inaonekana mpaka saa mbili.

Babu,

Shikamoo. Leo ni shikamoo ya kweli, ya magoti chini. Utani nimeuweka pembeni kwa kurasa hizi mbili.

Barua yako yenye herufi kubwa imefika jana, Ijumaa. Nimetazama daftari langu. Jiwe nililisawazisha Jumapili ya tarehe 17 Mei, siku moja kabla hujamwambia Irene aandike.

Nakwambia jinsi nilivyofanya. Kwanza nililiweka juu ya ukurasa wa daftari nikalizungushia penseli. Halafu nikachora bonde, kila sehemu na kina chake, pamoja na pale lilipozidi. Halafu nikamwaga mchanga na maji kwenye sakafu ya zege uani, nikalifudikiza jiwe, nikaanza kusugua. Nilianza saa mbili asubuhi. Laetitia alitoka na chai akanikuta. "Dada, vraiment, kweli weye uko naosha jiwe? Siku ya Mungu?" Nikamwambia linafutwa. "Linafutwa nini?" Nikaanza kulia, na yeye akaweka chai chini akashika upande wa pili. Tulisugua mpaka saa kumi. Lilitoka tope la kijivu, nyororo kama uji wa mtoto. Nilipoweka rula mwanga haukupita tena.

Usiku huo kichwa cha kwanza kilinyoa mkono wangu. Wino ulifutika wote kwa mara tano, kuanzia ncha mpaka mwisho. Nikavimaliza vyote, mara kumi kumi, halafu mara tano tano kwa mkono mwepesi, halafu kwenye mkanda wa ngozi kuondoa ule uzi wa chuma unaojikunja ukingoni. Tarehe 30 Bwana Pillay alichagua sita bila kuangalia. Gazeti lilikatika bila sauti. Ana tabia ya kutosifu. Alichukua deki, akaipeleka stoo, akafunga mlango. Meza ninayo. Na taa.

Babu, lile jiwe hakunipa mtu hapa. Ni lako. Nililitoa chini ya dirisha usiku wa kuamkia safari, nikalifunga kwa kitenge, nikaliweka chini ya nguo. Mzee Dominiki alilirudisha kweli, pale pale alipokwambia. Nililichukua kwa sababu niliogopa. Nilikuwa nakwenda nisikokujua na kitu pekee nilichokuwa nakiweza kilihitaji jiwe. Nilijua nikikuomba utakataa. Kwa hiyo sikukuomba.

Mwezi ujao kuna mama wa Arusha, mfanyabiashara, anarudi nyumbani kwa basi. Nitampa jiwe. Lina umbo bovu kwako, najua, lakini ni lako, na Mzee Dominiki atasafishika kabla ya tarehe 9 Agosti. Mimi nitanunua jingine.

Nisamehe. Au nitukane, vyovyote, ila andika.

Mjukuu wako,
Blandina

Jumapili asubuhi: sikulala kabla ya saa kumi alfajiri. Majogoo ya jirani Mzulu yalikuwa yameanza.


Kibosho
29 Juni 1998

Blandina

Naandika mwenyewe. Irene yuko shule. Herufi zimekuwa kubwa na zinakwenda kama mlevi, unaona. Ukurasa mzima umebeba maneno machache.

USIRUDISHE JIWE.

Mjinga wewe, unadhani sikujua? Nililibeba begi lako mpaka barabarani. Miaka arobaini nimelibeba lile jiwe, silijui uzito wake? Ulisema vitabu. Nikasema moyoni, vitabu vya nani, vya Musa?

Mkono wa kulia unacheza. Ulianza kabla hujaondoka. Hucheza wenyewe, bila ngoma. Unakumbuka nilivyokuwa najaribu makali kwenye vinyweleo vya mkono wa mteja, watu wakapiga makofi? Oktoba ile mkono uliruka nikamnyoa yule muuza nyama na ngozi yake. Akadhani ni mzaha wangu. Akacheka damu inatoka. Mimi nilikwenda nyuma ya zizi nikaukalia mkono mpaka ukatulia.

Halafu ukaliiba. Nilitaka kukuombea misa ya shukrani. Mtu aliyeibiwa jiwe hanoi, na hakuna anayemcheka. Anapewa pole na mbege. Jiwe likirudi watakuja na mapanga yao yote, foleni mpaka barabarani, wataniangalia mkono.

Dominiki atazoea. Kuimba kwenyewe alikuwa anapanda juu sana.

Hata mke mwenzako hajui. Nalalia mkono.

Chana barua hii.

A.


Sydenham
Jumapili, 19 Julai 1998
Asubuhi: baridi kali, umande kwenye paa za magari, jua limechelewa.

Mume wangu mwongo,

Shikamoo. Utani umerudi, unauhitaji.

Barua nimeichana, kama ulivyoagiza. Daftarini nimeandika tu: Babu mzima, anatukana. Laetitia hajui. Jiwe halirudi, nimemwambia yule mama wa Arusha asinisubiri.

Ila hilo la kusema Dominiki atazoea, hapana. Mtu anafichiwa vyombo! Umekunywa mbege ya msiba wa jiwe ambalo ulilisindikiza mwenyewe mpaka kwenye basi, na jirani yako anasimama getini anarudi. Ungekuwa mume wangu wa kweli ningekwenda kwetu.

Kesho asubuhi naposti barua mbili. Hii yako, ya kawaida. Nyingine ya rejista, kwa Mzee Dominiki mwenyewe. Usihangaike kumzuia posta, yeye ana miguu mizuri kuliko yako. Nimekunakilia ujue kilichomo:

"Mzee Dominiki, shikamoo. Mimi Blandina, mjukuu wa Mzee Aloys, ndiye niliyechukua kinoo. Wewe ulikirudisha Jumamosi kama ulivyosema, na mimi nikakichukua chini ya dirisha bila kuomba ruhusa. Ninacho huku Durban. Kazi yangu ya huku ilihitaji jiwe lililonyooka, kwa hiyo nililisugua bonde lote likaisha. Nilitaka kulirudisha, na Babu amenijibu kwa barua kwamba halitaki. Unajua mwenyewe alivyokuwa akisema kuhusu bonde. Kwa hiyo Kibosho halitanolewa panga tena kwa jiwe lile, na asisumbuliwe mtu kuhusu jambo hilo, hasa Babu. Lawama yote ni yangu. Nakuomba uisome barua hii mbele ya watu, kwa sauti, kama unavyosoma nota. Nisamehe kwa miezi ishirini. Blandina."

Angalia vizuri, Babu. Hakuna uongo hata mmoja humo. Nimekagua kila sentensi mara mbili. Yeye anapata jina lake. Wewe unapata jiwe lililokufa, na hilo halina foleni. Mimi napata kuitwa mwizi, na kwa kuwa ni kweli, nalipokea.

Bibi mwambie wewe. Hilo silifanyi mimi.

Blandina

Jumatatu asubuhi: nililala saa saba kamili.


Kibosho
12 Agosti 1998

Mke wangu mwizi,

Mwandishi ni Irene. Baridi ya mkono inaendelea.

(Hujambo dada. Umetutia aibu tamu sana.)

Barua yako ya rejista ilifika Ijumaa tarehe 7. Dominiki aliisoma getini kwake, halafu akaisoma getini kwetu, halafu Jumapili, padri alipomaliza matangazo, akasimama na miwani yake akaisoma kanisani, polepole, akapumzika kwenye kila koma. Alipofika pale pa kusugua bonde lote likaisha, kina mama walishika vifua. Mmoja alisema, "Bora angemuua ng'ombe!" Halmashauri haikukaa hata dakika tano. Kitabu cha nyimbo alirudishiwa palepale, na wakamwomba aimbishe, na akapanda juu sana kama kawaida.

Wewe unaitwa Muuaji wa Jiwe. Watoto wameanza kukutungia nyimbo. Nimeshauri vina.

Watu walikuja kunipa pole upya. Muuza nyama ameleta paja zima. Nimetamka mbele ya wote kwamba bila bonde sitanoa tena mpaka kaburini, na wote wakasema ndiyo, ndiyo, haiwezekani. Amenunua tupa mtu wa kule juu, ananoa ovyo, wanavumilia.

Jioni Dominiki alikuja. Hakubisha hodi, aliingia tu kama zamani. Nikamwambia, "Mwizi amefika." Akasema, "Nimekuja kukuibia mke, jiwe limekwisha." Tukakaa. Aliyemimina alikuwa yeye. Blandina, ya kwake alijaza mpaka juu. Ya kwangu alimimina nusu kata. Nilipoimaliza bila kumwaga tone, akamimina nusu tena. Jioni nzima, nusu nusu, anatazama pembeni na kuongea habari za sauti ya tatu. Hakuna aliyemwambia kitu.

(Babu amesema niandike "nusu kata" mara mbili, utaelewa. Mimi sikuelewa. Irene.)

Mke mwenzako nimemwambia. Alisema alijua tangu Pasaka ya mwaka jana, shuka lilikuwa linatetemeka.

Niletee kimoja cha hivyo vyuma vyako, nijikunie mgongo.

Mumeo,
Aloys


Sydenham
Jumapili, 6 Septemba 1998
Asubuhi: mvua ndogo, ya kwanza tangu Juni, imekoma saa tatu.

Mume wangu,

Shikamoo wewe na mwenzangu na Mzee Dominiki. Kitenge cha ndege wa kijani kiko njiani na yule mama wa Arusha, katika safari yake nyingine, kimefungwa na kichwa kimoja cha mshale kilichovunjika ncha. Nimekifanya butu kabisa. Huo mgongo wako naujua, ungeuchana.

Msimu umekwisha. Nimenoa vichwa mia nne na kumi na viwili. Bwana Pillay sasa ananiletea na visu vya wavuvi, na kwa hivyo nimetenga upande wa pili wa jiwe, ule wa chini ambao hukuwahi kuutumia. Hapo sisawazishi. Acha lichimbike lenyewe.

Ndani ya bahasha kuna ukurasa nilioukata kwenye daftari langu. Ni ule mchoro wa bonde, kipimo halisi. Pale nilipotia kivuli cheusi, kulia, ni pale lilipozidi. Weka dole gumba lako hapo.

Mkeo,
Blandina

Jumatatu asubuhi: jana nililala saa tatu na robo usiku. Laetitia alinitikisa akidhani ninaumwa.